Mfuko wa Sebutunzi

Kitenge kipya, kile ambacho bado hakijaonja maji, kina harufu yake. Kinanuka wanga na rangi, na kwa mbali mafuta ya taa. Wanawake wengi huipenda harufu hiyo. Mimi muuzaji akikikung'uta mbele yangu sokoni, mgongo wangu hunyooka wenyewe, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa barazani. Muuzaji hudhani napima urefu. Sijawahi kumweleza, kwa sababu si jambo la kueleza umesimama. Ninyi kaeni, niwaeleze.

Tulikaa Buterere, upande wa chini kabisa, pale Bujumbura inapoishia na mashamba ya mpunga kuanza. Mvua ikinyesha milimani, maji yalikuja kwetu bila kupiga hodi. Tulilala tumepandisha sufuria na viatu juu ya kitanda, na asubuhi tuliwakuta vyura chini ya meza, wametulia kama wageni waliosahau kuaga. Mama yangu, ambaye mtaani walimwita kwa jina langu, Mama Aline, alilima kipande cha mpunga bondeni pamoja na wanawake wenzake. Alikuwa akisema, "Hii bonde inatulowanisha, lakini inatulisha. Bwana wangu alikuwa ananilowanisha macho tu." Baba alikuwa ameondoka zamani, na mama alimtaja kwa namna hiyo, kwa utani, kisha akaendelea na kazi.

Hatukuwa na vitu vingi, lakini tulikuwa na mchezo wetu. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya parokia, watoto wa shule waliigiza tamthilia ile ile ya zamani katika ukumbi wa mabati uliokuwa karibu na kanisa. Iliitwa Tajiri na Mto. Hakuna aliyejua nani aliitunga. Watu waliotoka upande wa Kongo walisema ni ya kwao. Warundi walisema imezaliwa hapa hapa. Na ubishi huo ulikuwa sehemu ya sikukuu. Mama mwenyewe aliiona mara ya kwanza akiwa msichana Uvira, upande huo wa Kongo. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili cha vitabu, si hiki chetu cha mtaani, na watu wazima waliyajua kama wanavyojua sala.

Kisa ni hiki. Tajiri mmoja aitwaye Sebutunzi, yaani baba wa mali, anataka mto wa kijiji uwe wake peke yake. Hana mkuki, ana mfuko. Anamnunua mlinzi wa kivuko. Anamnunua mwamuzi. Anamnunua hata kaka wa mjane. Kila anayenunuliwa anatoka jukwaani amevaa kofia mpya, na tangu hapo hasemi tena neno mpaka mwisho wa mchezo. Sisi watoto tulizicheka sana kofia zile. Mwisho anabaki mjane, ambaye shamba lake liko pale mto unapopinda. Sebutunzi anamwekea mfuko miguuni. Mjane anaufungua, anaumwaga, anasema: "Mto hauna bei, Sebutunzi. Uliunywa kabla hujashona mfuko." Na ukumbi mzima, vikongwe na wanyonyao, unajibu: "Hauna bei!"

Mwaka ninaousema nilichaguliwa kuwa mjane. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama kijiti cha muhogo, lakini nilikuwa na sauti nzito iliyofanya watu wageuke wakimtafuta mwanamume aliyesema. Aliyenichagua ni Mwalimu Deo, mwalimu wetu wa darasa. Alikuwa amekimbilia Bujumbura kutoka ng'ambo ya mpaka, na shule ilimpa kazi ya mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo kila ilipokaribia likizo kubwa alikonda. Siku ya mchezo yeye alikaa nyuma ya pazia akiwa na kitabu cha mchezo, akimnong'oneza maneno aliyesahau. Alikuwa na mnong'ono mzuri. Ulikufikia sikioni kama wazo lako mwenyewe.

Mwaka huo huo bonde lilikuwa limepata mwenyewe. Patroni Evariste, ndivyo tulivyomwita bosi mwenye maghala kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, alisema amelinunua, ingawa hakuna mkulima aliyejua limeuzwa na nani. Malori yake yalianza kumwaga udongo mwekundu juu ya mpunga ili lijengwe ghala jipya. Kila lori lililomwagwa kule liliyasukuma maji kuja kwetu. Wanawake walikwenda kulalamika kwa wakubwa, wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri. Maji hayakusubiri.

Siku moja Patroni mwenyewe alikuja kututazama tukifanya mazoezi. Nilitegemea kumwona mtu wa kutisha. Akaja bwana mnene, mwenye manukato na sauti laini, akakaa kwenye benchi katikati yetu, akacheka kila mahali pa kucheka.

"Mi nilicheza hii mchezo nikiwa mutoto!" alituambia. "Nilikuwa mulinzi wa kivuko. Kofia yangu ilikuwa kubwa, ikanifunika macho."

Tulimpenda, siwafichi. Mtu anayewachekea watoto hupendwa upesi. Mchezo ulipofika mwisho, nikamwaga mawe tuliyoyatumia kama pesa, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," alisema, "mbona mwisho iko mbaya vile? Matajiri wote hawana roho? Muibadilishe kidogo. Huyu mujane apokee, apige magoti, ashukuru. Watoto wajifunze shukrani. Mi nitasaidia."

Na kweli alisaidia. Kwaya ilipata vipaza sauti. Ukumbi ulipata mabati mapya. Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, alipoulizwa kwa nini mchezo wa wazee unabadilishwa, alijibu, "Mkono mtupu haulambwi," kisha akauliza nani amebeba misumari. Mazoezini tuliletewa mandazi na soda, nasi tulikula mpaka tukashindwa kusema maneno yetu. Mwalimu Deo alipata baiskeli, pamoja na ahadi kwamba Patroni ataongea na watu wa shule ili apewe kazi ya kudumu. Mama akaitwa kuchambua maharage ghalani, Zone Industrielle, kazi kavu, chini ya paa, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mimi nikapata gauni la kitenge kipya, la kijani na njano, na viatu vyeusi vya kamba. Sikuwahi kuwa na nguo ambayo haikuvaliwa kwanza na mtu mwingine. Usiku nililiweka karibu na mto wa kulalia nikainusa harufu ile mpaka usingizi ukanichukua.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyetoka na kofia, lakini ukimya ulikuwa ule ule. Kwaya haikuzungumza tena habari za malori. Mwenyekiti naye kimya. Mama, ambaye jioni alikuwa akimlaani Patroni kwa mpango maalumu, kuanzia tumbo kwenda chini, sasa alisema tu kwamba amechoka.

Siku tuliyojifunza mwisho mpya, Mwalimu Deo hakunitazama.

"Piga magoti, Aline."

"Mwalimu, mjane hapigagi magoti."

"Mwaka huu anapiga."

Nikapiga. Nikasema maneno mapya: "Asante, baba. Mungu akuzidishie." Fiston, mtoto wa jirani aliyeigiza Sebutunzi, alijikuna shingo. "Ata mi sipendi," alinong'ona. "We unanipigaka ngumi kila siku, leo unanipigia magoti? Naona haya." Tulicheka, lakini kicheko chetu hakikufika mbali.

Asubuhi ya sikukuu mama alikuwa akipiga pasi gauni langu. Pasi yetu ilikuwa ya makaa, na alipoipuliza cheche ziliruka kuelekea mlangoni. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nikitafuta namna ya kuanza.

"Mama, nikisema maneno ya zamani, kazi yako itaisha?"

"Itaisha."

"Basi nitasema mapya."

Aligusa pasi kwa kidole kilicholowa, ikalia chwii.

"Ni Aline ananiuliza, ao ni ule mujane?"

Nikazitazama cheche mlangoni.

"Sikia. Maharage ya ule mutu nilianza kuichambua juzi tu. Mupunga nililima mbele we uzaliwe. Vaa nguo yako. Nguo haina kosa. Lakini kinywa ni ya kwako, mi siwezi kuipigia pasi."

Sikuelewa kama amenikataza au ameniruhusu. Nilitaka aniamrishe, kama alivyoniamrisha kuchota maji na kuosha miguu. Safari hii hakuniamrisha, na nilimkasirikia kwa hilo njia nzima mpaka kanisani.

Mchana ule ukumbi ulijaa hadi madirishani. Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa, na mabati mapya yalilia tik, tik, kila jua lilipoyabana. Mbele kabisa waliwekwa wakubwa, na katikati yao Patroni Evariste kwenye kiti cha mito. Nyuma, wamesimama, walikuwa wanawake wa bondeni. Mchezo ulikwenda vizuri. Mlinzi wa kivuko alinunuliwa, watu wakacheka kofia. Mwamuzi alinunuliwa, wakacheka zaidi. Kaka wa mjane aliponunuliwa, kicheko kilipungua, nikasikia mtu nyuma akiguna.

Kisha Fiston akaja na mfuko. Ndani yake hayakuwamo mawe. Patroni alikuwa ameagiza mfuko ujazwe noti za kweli, ili watu waone, na watu wake wawili walisimama kando ya jukwaa kuzilinda. Fiston aliuweka miguuni mwangu kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake. Nikaufungua. Nilikuwa sijawahi kuona noti nyingi kiasi kile mahali pamoja. Zilinuka jasho la mikono.

Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga magoti. Magoti hayakukunjika. Sisemi kwamba niliamua, nasema hayakukunjika. Na maneno yakanitoka kichwani yote, ya zamani na mapya. Nikangoja mnong'ono wa Mwalimu. Nikatega sikio kwenye pazia. Kimya. Nikangoja tena. Nilisikia nzi. Nilisikia mtoto akinyonya. Nyuma ya pazia hakuna aliyesema kitu.

Patroni akakohoa. Kisha akainama kidogo kwenye kiti chake, akatabasamu, akaniambia kwa ile sauti yake laini, kama babu anayemkumbusha mjukuu adabu:

"Shukuru, mutoto."

Angenyamaza, sijui ningefanya nini. Mpaka leo sijui. Lakini neno lile liliniingia kama mwiba. Niliona udongo mwekundu juu ya mpunga wa mama. Niliona sufuria zetu juu ya kitanda. Nikashukuru nini? Nikaushika mfuko kwa mikono miwili, nikaupindua. Noti zilishuka polepole kuliko mawe, zikatawanyika mpaka chini ya jukwaa, nyingine zikatua kwenye viatu vya wakubwa. Sauti yangu nzito, ile waliyoicheka shuleni, ikatoka yote:

"Mto hauna bei, Sebutunzi! Uliunywa kabla hujashona mfuko!"

Nilimwona Fiston amefumba macho. Halafu sauti moja ikatoka nyuma, peke yake, sauti niliyoijua tangu tumboni.

"Hauna bei!"

Alikuwa mama. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa bado haujafika. Baada yake wakapokea wanawake wa bondeni, kisha kwaya, kisha watu wa madirishani, na mwisho ukumbi wote ukanguruma mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye mbao. Hawakusema mara moja kama miaka mingine. Walisema tena na tena, wakipiga miguu chini, na kila mtu alikuwa akimtazama mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha mito.

Na zile noti? Zilikuwa pale chini, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamekula asubuhi. Hakuna aliyeinama. Mtoto mmoja mdogo alitambaa akaokota moja, mama yake akampiga kidogo mkononi, akairudisha. Bibi mmoja wa kwaya alikanyaga noti kwa mguu mzima akatulia hapo, na mpaka kesho mtaa haujakubaliana kama alikuwa akiidharau au akiitunza.

Patroni alisimama. Hakupiga kelele. Aliwaambia watu wake waokote, na wakaokota, wakipita kati ya miguu ya watu kama kuku. Vipaza sauti vikazimwa. Kijana wake mmoja akaja nyuma ya pazia akasema nguo zirudishwe. Nikavua gauni, nikalikunja vizuri kama mama alivyonifundisha, nikampa. Viatu nilimpa kwa furaha, maana kimoja kilikuwa kimeshanitoa lengelenge. Nilirudi nyumbani nimejifunga kitenge cha mama, peku, nikikanyaga matope ya Buterere kama mtu aliyetoka kuolewa.

Jumatatu mama aliambiwa maharage yamekwisha. Maharage hayakuwa yamekwisha. Baiskeli ilikuja kuchukuliwa uani kwa Mwalimu Deo, na mwaka wa shule ulipoisha hakupewa kazi tena. Alihama na virago vyake kwenda Kanyosha, upande wa pili wa mji. Sikwenda kumuaga. Niliamini aliniacha peke yangu jukwaani, kwamba alikuwa amesinzia na joto, au ameona aibu akakimbia.

Wiki ile ile malori yaliporudi, wanawake wa bondeni walikuwa wamekaa barabarani na vikapu vyao na watoto mgongoni. Mama alikuwa mstari wa mbele, kwa sababu, kama alivyosema, sasa alikuwa na nafasi. Hawakuwa na silaha wala karatasi. Dereva wa kwanza alipiga honi, wao wakamjibu kwa maneno ya mjane. Kumbe naye alikuwa ukumbini siku ile. Akazima injini, akashuka, akaomba maji ya kunywa, wakampa. Walikaa hivyo siku baada ya siku, mpaka wakubwa waliowaambia wasubiri nao wakachoka kusubiri, wakaja kuona kwa macho yao.

Sitawapamba. Patroni alijenga ghala lake kwenye sehemu aliyokuwa ameshaijaza, na ukuta wake upo hata leo. Lakini nusu nyingine ya bonde ilibaki kwa wakulima, na mfereji uliozibwa ukafunguliwa. Mama alivuna pale mpaka magoti yake yalipogoma. Vyura bado wanatutembelea, ila sasa hawalali.

Nilimtafuta Mwalimu Deo nikiwa mtu mzima, mwenye watoto. Nilimkuta Kanyosha, kwenye nyumba ndogo yenye kuku wengi, akiwafundisha watoto wa jirani kusoma barazani. Alikuwa amezeeka, lakini aliponisalimu niliutambua ule mnong'ono. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za waliokufa. Mwishowe nikashindwa kujizuia.

"Mwalimu, siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, binti yangu. Nyuma ya pazia."

"Mbona hukunisaidia?"

Alifukuza kuku mmoja mezani.

"Niliona magoti yako yanakataa, nikafunga kitabu. Kama ningekunong'oneza maneno ya patroni, ungeyasema. Ulikuwa mutoto wa kutii. Kama ningekunong'oneza ya zamani, yangekuwa ya kwangu, na kesho yake ungesema mwalimu alinituma. Nikaona heri ninyamaze." Akacheka kidogo. "Sijawahi kufanya kazi nguvu kama ile, kunyamaza."

"Na baiskeli?"

"Ile asubuhi niliipanda kuja kanisani. Ilikuwa baiskeli nzuri sana, Aline. Sikuwa nimepata nyingine kama ile, na sijapata tena."

Nilirudi nyumbani nikitembea, ingawa ni mbali, kwa sababu nilihitaji njia ndefu. Nilipokuwa mtoto niliwagawa watu makundi mawili: walionunuliwa na waliokataa. Mchezo wenyewe ulinifundisha hivyo, kwa zile kofia zake: aliyepokea amekwisha, hasemi tena. Lakini siku ile sisi sote tulikuwa tumepokea. Mwalimu alikuja kwa baiskeli ya Patroni. Mama alikula chakula cha mchana cha ghala lake. Kwaya iliimba kwenye vipaza sauti vyake, na mimi nilisimama jukwaani nimevaa kitenge chake, mandazi yake tumboni. Nilichelewa miaka mingi kuelewa kwamba matajiri wa namna ile hawakushiki kwa kile wanachokupa. Wanakushika kwa aibu inayobaki mkononi baada ya kupokea, ile inayokuambia: umeshauzwa, sasa unabishia nini?

Hata leo wapo wanaonikumbusha kisa hicho kwa kejeli. Wananiambia, wewe na mama yako mlikula vya Patroni, kisha mkamgeuka. Siwakwepi. Nawatazama usoni nawaambia ndiyo, tulikula, tulikuwa na njaa, na vilikuwa vitamu. Ila sikumbuki siku niliyomwuzia mtu ulimi wangu.